Mwenye Nyumba Ajaze Hapa

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo tanuri langu limefungwa.

Miaka minane nimeoka mikate katika jiko hili la nyuma na hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Mtaa mzima unaniita Mama Mikate. Hata watu wa manispaa walikuwa wateja wangu, wanakula wamesimama palepale mlangoni huku wakinisifu. Jana nikajipeleka mwenyewe ofisi ya leseni, nimevaa vizuri, kuuliza taratibu, kwa sababu hospitali inataka mikate yangu kila asubuhi na haiwezi kununua kwa mtu asiye na leseni. Leo asubuhi Bwana Afya wa manispaa amekuja na gundi.

"Mama, umesema mwenyewe kwamba unaoka bila leseni," akaniambia, wala hakuwa na ubaya. "Mimi nikishaambiwa siwezi kujifanya sijui."

"Lakini juzi ulikuwa unajua."

"Juzi nilikuwa mteja."

Akabandika karatasi yenye mhuri kwenye mlango wa tanuri, akailaza pembe zake vizuri kwa kidole gumba. Halafu akauliza kama kuna mkate wa jana uliobaki. Nikamwambia hakuna. Ulikuwepo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka alfajiri kwa mazoea, nikaja jikoni, nikakumbuka. Nikarudi kulala na sikulala. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya leseni ina benchi moja na watu wa kujaza mabenchi matatu. Afisa wa leseni ni mwanamke wa rika langu ambaye anakutazama kwa juu ya miwani yake, sijui aliinunua ya nini. Nimeshampa jina: Miwani. Hana haraka, hana tabasamu, lakini anaeleza jambo ukalielewa.

Jina la biashara lisajiliwe. Nipate namba ya mlipakodi. Nipimwe afya, kwa sababu nashika chakula cha watu. Jiko likaguliwe. Yote nikaitikia. Akafika mwisho wa fomu, mahali palipoandikwa "Mwenye nyumba ajaze hapa."

"Jengo ni la nani?"

"La baba mkwe wangu. Tunakaa naye."

"Basi ulete mkataba wa pango kati yako na yeye."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Dada yangu, mimi naishi pale. Nimezalia pale."

"Kuishi siyo kupanga. Leseni hapewi mtu peke yake, anapewa mtu na mahali. Kesho mwenye jengo akisema toka, hiyo leseni utaifanyia kazi wapi? Juu ya mti?"

Watu wa benchi wakacheka kwa niaba yangu. Nimerudi nimelowa mpaka viatu.

Nimepitia hospitali kumwona mtunza stoo. Amenipa mpaka tarehe ishirini na tano Aprili, karatasi zote ziwe mezani kwake. Baada ya hapo anampa mtu wa kiwanda, na huyo akiingia ni miaka miwili hatoki. Kampuni ya mume wangu imeshapunguza madereva mara mbili mwaka huu. Nikikosa hospitali, na tanuri limefungwa, sijui tutashika wapi.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu amerudi na lori jana jioni. Nimemweleza habari ya mkataba, akashika kichwa.

"Umpelekee baba mkataba wa pango? Wewe? Mkwe wake?"

"Mpelekee wewe basi."

"Mimi ndiyo kabisa. Atasema nimemgeuza mgeni. Mikataba ni ya watu wasioaminiana, yule mzee ataugua."

Tumekubaliana tumsubirie siku ana moyo mzuri. Baba mkwe amekaa sebuleni siku nzima na redio yake, miguu juu ya kigoda. Nilipompelekea chai akanusa hewa, akauliza, "Mbona nyumba haina harufu siku hizi?"

Nikasema ni mvua, baba, kuni zimelowa. Sijui kwa nini nilidanganya. Ulimi ulitangulia.

Ijumaa, 14 Machi

Jina la biashara limesajiliwa. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alitaka jina hilo hilo. Nikajiona mshindi mpaka nyumbani, ndipo nikaona tena ile karatasi kwenye tanuri.

Jumatano, 19 Machi

Vipimo. Wauza nyama, wahudumu wa hoteli na mimi, sote tumepanga mstari tumeficha vikopo vyetu kwenye mikoba kana kwamba kuna asiyejua tumebeba nini. Nimeambiwa ni mzima.

Alhamisi, 27 Machi

Fundi amemaliza kuweka wavu madirishani na sinki la kunawia mikono. Unga umeanza kushika unyevu, nimehamisha magunia juu ya meza. Baba mkwe aliwasikia mafundi wakigonga siku tatu, hakuuliza kitu. Na sisi hatukusema kitu. Kila jioni mume wangu akipiga simu namwuliza, leo umemwambia? Naye ananiuliza, wewe je? Tunatupiana mzee wa watu kama mpira.

Jumatano, 2 Aprili

Wifi yangu amekuja. Hakuja siku zote za jua, amekuja na mvua hii, mwavuli umegeuka ndani nje. Dada wa mume wangu ana macho ya kuona na mdomo wa kusema. Alizunguka jiko lote, akafungua bomba la sinki, akalifunga.

"Pamependeza, wifi. Nani amekupa ruhusa ya kutoboa ukuta wa baba?"

"Kaka yako anajua."

"Kaka yangu! Kaka yangu ana ukuta?" Akasogea karibu. "Nasikia unatafuta mkataba. Haya. Leo leseni ukutani, kesho hati ya nyumba kabatini kwako. Tusifanyane watoto."

Sijui alisikia wapi. Nilimwambia kama anataka nyumba ya baba yake aje amwoshe miguu na kumpeleka kliniki, kama ninavyofanya mimi. Sikupaswa kusema hivyo. Nimesema, na nilisikia raha kusema.

Alipoondoka nikafuta nyayo zake sakafuni. Kinachonikera ni swali aliloniachia. Mimi ni nani katika nyumba hii kama mume wangu hayupo?

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu amejaza fomu na mkataba mwenyewe. Mahali pa mwenye nyumba ameandika jina lake na kutia saini.

"Nyumba ya baba ni nyumba yangu," akasema. "Nani atauliza? Tunamwondolea mzee usumbufu tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na taa. Nilijua siyo sawa. Zimebaki wiki mbili na siku chache. Nilimsogezea taa aone vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Fomu zimepokelewa. Miwani amezipitia moja moja. Amesema watakuja kukagua Ijumaa.

Ijumaa, 11 Aprili



Walikuja wote wawili chini ya mwavuli mmoja, Bwana Afya na Miwani. Bwana Afya akapima umbali wa choo, akapitisha kidole juu ya rafu, akatazama dari, akafungua sinki. Kila alichogusa akatia alama ya vema. "Umejitahidi, Mama Mikate," akasema, na mimi nikaanza kupumua.

Tukaingia sebuleni watie saini zao. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Miwani akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua faili juu ya mapaja.

"Sasa niione na hati ya nyumba," akaniambia. "Nilinganishe majina."

Hilo hatukulifikiria. Mimi na mume wangu, watu wazima na akili zetu, hatukulifikiria. Nikasema hati iko mbali. Nikasema nitaileta Jumatatu. Baba mkwe akapunguza redio.

"Hati iko kabatini kwangu," akasema. "Ya nini?"

Miwani akamtazama kwa juu ya miwani, akanitazama mimi. Kisha akasoma taratibu, kwamba mwenye nyumba ni fulani, akataja jina la mume wangu, na kwamba amempangisha mke wake jiko la nyuma.

"Lete nione," akasema baba mkwe.

Alisoma muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na bado nilikuwa nasikia pumzi yake. Akairudisha ile karatasi kwa heshima kabisa.

"Huyu ni mwanangu. Mwenye nyumba ni mimi. Na mimi sijapangisha mtu."

Bwana Afya akageuka kutazama dari ya sebule, ambayo haikuwa kazi yake. Miwani alifunga faili.

"Mama, haya ni maelezo ya uongo kwenye ombi la leseni. Ni kosa kisheria, kwako na kwa mumeo." Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Jumanne asubuhi njoo ofisini na mwenye nyumba. Akisema kule alichosema hapa na asiongeze kitu, faili linakwenda kwa mwanasheria wa manispaa. Na jiko litabaki limefungwa."

Walipoondoka nilibaki nimesimama pale pale. Baba mkwe hakugomba. Aliuliza tu:

"Nani amekufa?"

"Baba?"

"Naona mwanangu ameshanirithi. Nauliza nani amekufa."

Akanyanyuka na fimbo yake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajala. Nimeacha sahani mlangoni, nimeikuta kama nilivyoiacha.

Nimempigia mume wangu. Anasema yuko mbali, barabara imekatwa na maji, hawezi kufika kabla ya Jumatano. "Nilitaka kumwondolea baba usumbufu," akarudia. Nikamwambia, "Umemwondoa baba mwenyewe." Tukakata simu bila kuagana. Nina hasira naye na nina hasira na mkono wangu ulioshika taa.

Jumapili, 13 Aprili

Amekula nusu. Maji yameanza kuingia jikoni chini ya mlango, nimeziba kwa magunia matupu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba wifi ndiye aliyewatonya maofisa. Leo nimefikiri vizuri na naona hakuna aliyemtonya mtu. Miwani angeuliza hati vyovyote vile, ndiyo kazi yake. Ni vile tu kumlaumu wifi hakunichoshi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Nilipanga kwenda peke yangu nikapokee lolote. Nilipotoka chumbani nikamkuta baba mkwe amesimama mlangoni, amevaa koti lake la misiba na harusi, bahasha ya hati imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Umemaliza kuvaa? Twende."

Hakusema tunakwenda kusema nini. Tulitembea na mwavuli mmoja, ameushika yeye, na kila nilipotaka kuongea aliangalia madimbwi. Nilihesabu kwamba ninapelekwa kushtakiwa na mtu anayenikinga mvua.

Benchi likampisha. Miwani akafungua faili, akachukua kalamu, akaanza, "Mzee, Ijumaa ulisema kwamba..."

"Kwanza niulize mimi," akamkata. "Huyu mkwe wangu akiwa na hiyo leseni, halafu mimi nikafa. Inakuwaje?"

Miwani akaweka kalamu chini. "Kama hakuna mkataba, warithi wako wakisema atoke, anatoka. Leseni inabaki karatasi."

"Na mume wake akimwacha?"

Masikio yalinichoma. Watu wa benchi wakanyoosha shingo.

"Vile vile, mzee."

"Na mkataba ukiwepo?"

"Ukiwa wa miaka inayojulikana, na ukisema unawafunga na warithi, watasubiri miaka iishe."

"Na nikimpa bure?"

"Bure ni hisani. Hisani yako inaweza kufa na wewe. Kodi ya pango iwepo, hata ndogo, ilipwe, na apewe risiti."

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilo hilo. Akauliza habari ya ile karatasi ya mwanawe.

"Ni kosa, mzee."

"Ni kosa. Na aliyekosewa ni mimi, na nitamalizana naye mwenyewe. Ichane."

"Siwezi kuchana karatasi ya serikali." Miwani akavua miwani, mara ya kwanza nimemwona macho. "Naweza kuandika kwamba ombi limeondolewa na mwombaji kabla ya uamuzi. Aanze upya. Fomu upya, ada upya, foleni upya. Na onyo linabaki kwenye faili."

"Andika."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalia, mvua ikanisaidia. Karibu na nyumbani nikapata ujasiri. "Baba, tulidhani utakataa. Tulidhani utaona tunakutukana."

Akasimama katikati ya njia, maji yanapita juu ya viatu vyake.

"Nani aliniuliza nikakataa?"

Jumatano, 16 Aprili

Kwa wakili, ghorofani, juu ya duka la dawa. Baba mkwe aliniagiza nije mapema nisimwaibishe. Nilimkuta wifi yuko huko tayari, amenuna, mkoba juu ya magoti.

Wakili akauliza mpangaji ni nani. Nikataka kusema mke wa fulani. Baba mkwe akainua mkono.

"Andika jina lake. Usiandike mke wa mtu." Akanigeukia. "Jina lako la kwenu, mama, lote, ni nani?"

Miaka kumi na minne ananiita mama. Nikalitaja, langu na la baba yangu na la babu yangu, na yeye akalirudia kwa wakili polepole, neno kwa neno, lisikosewe.

Kisha akataja kodi. Ilikuwa kubwa. Nikasema sawa, baba.

"Mbona hubishi?" akafoka. "Mpangaji gani huyo habishi? Wakili, umeona mpangaji wa namna hii?"

Basi nikabishana na baba mkwe wangu, mimi ambaye sijawahi kumjibu hata kuhusu chumvi. Tulianza kwa aibu, tukaishia kugonga meza. Nikashusha kodi. Nikadai paa linavuja.

"Paa ni langu, nitaliziba. Bomba ni lako."

"Na njia ya gari la kubebea mikate?"

"Njia chukua. Lakini mti wangu wa limau usiguswe."

Miaka kumi. Jiko, uwanja wa nyuma na njia. Inawafunga warithi. Wakili alipolisoma neno hilo wifi alikaa wima.

"Baba, umeniita nije kushuhudia hili? Nikishatia saini nitasema nini baadaye?"

"Hutasema kitu. Ndiyo maana nimekuita."

Wifi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Akachukua kalamu akasaini kwa kukandamiza karibu karatasi itoboke. Kwenye ngazi akanishika kiwiko.

"Mimi kwa mume wangu sina karatasi kama hii," akasema. "Nina vyombo tu." Akafungua mwavuli wake mbovu akaenda.

Mume wangu amefika jioni. Baba amemwita chumbani. Sikusikiliza mlangoni, lakini alitoka ameinama, akaniomba radhi na mimi nikamwomba yeye.

Ijumaa, 18 Aprili

Fomu mpya imepokelewa. Bwana Afya amesema ukaguzi wake wa kwanza unatosha, sinki halijakimbia.

Jumanne, 22 Aprili

Faili liko tayari. Mkuu wa kutia saini yuko safari. Hakuna anayejua atarudi lini.

Jumatano, 23 Aprili

Hajarudi. Nimekaa kwenye benchi mpaka ofisi imefungwa. Mtunza stoo wa hospitali amenipigia kunikumbusha Ijumaa ni Ijumaa.

Alhamisi, 24 Aprili

Amerudi baada ya chakula cha mchana, suruali ina tope mpaka magotini, gari lake lilikwama. Miwani alimfuata na faili langu kabla hajakaa. Nilisikia mhuri ukigonga. Nikakimbia mpaka hospitali, mimi mwenye mwili huu, nimekumbatia leseni ndani ya koti, na mtunza stoo alikuwa anafunga mlango; akaufungua tena, akazipokea karatasi zangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Bwana Afya amekuja kubandua ile karatasi. Imegoma, ameikwangua kwa kisu. Leo nilimpa mkate, wa kwanza kutoka tanurini.

Jumatatu, 5 Mei

Gari la kwanza la hospitali limeondoka kabla ya jua. Mvua ndogo tu. Baba mkwe amefungua dirisha la chumba chake, akavuta hewa, akafunga.

Jumatano, 21 Mei

Fundi wa paa amekuja, ametumwa na mwenye nyumba. Kazi nyingi. Sijaandika kwa sababu nalala nikikaa.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna mvua siku ya nne. Nilikuwa natoa mikate ya mwisho, nimeipa mgongo njia, nikasikia hodi. Nikadhani ni mteja, nikasema subiri. Ikaja tena, ya taratibu, na nikaijua sauti.

Baba mkwe alikuwa amesimama nje ya mlango wa jiko alilolijenga kwa mikono yake, mguu hajauvusha kizingiti. Ana kitabu cha risiti kipya, bado kina bei ya dukani.

"Baba! Unapiga hodi? Si nyumba yako?"

"Nyumba ni yangu. Jiko umepanga. Hukusoma mkataba? Mwenye nyumba haingii bila ruhusa ya mpangaji." Akakohoa, macho yake kwenye mikate. "Nimekuja kuchukua kodi. Kama unanikaribisha."

Nilipofika hapa nimeolewa nilisimama nje ya mlango wa mbele mpaka mtu aliponiambia niingie, na tangu siku ile nimekuwa nikikaribishwa katika nyumba hii, vizuri, kila siku, na watu wema. Sikuwahi hata siku moja kumkaribisha mtu. Nilifuta mikono kwenye aproni. Naye alingoja pale nje.

"Karibu, baba," nikasema. "Ingia ndani."